Matundu Kumi na Saba

Siku ambayo jua lilipatwa mchana kweupe, Macho Manne aliamka na uhakika wa mambo mawili. La kwanza, kabla ya alasiri baba yake angekuwa ameikubali posa ya Fundi. La pili, hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angelitazama jua kwa macho matupu maadamu yeye yupo. La pili alilitangaza mezani wakati wa chai. La kwanza alilimeza pamoja na mkate, kwa sababu baba alikuwa ameketi mbele yake.

Jina la Macho Manne alilipata darasa la pili, siku alipovaa miwani kwa mara ya kwanza. Wenzake walilitunga ili alie. Yeye akaitika, likamkaa mpaka ukubwani. Sasa ndiye aliyesaga vioo katika duka la miwani lililotazamana na benki, na wateja walimwita hivyo hivyo. Wiki ile walikuwa wameuza miwani maalumu ya kutazamia jua mpaka ikaisha. Hata ile moja aliyoificha kwenye droo kwa ajili ya nyumbani, Ijumaa jioni alimpa mwanamke mjamzito aliyefika duka likifungwa, maana moyo ulimshinda kumwambia hakuna.

Mama alikuwa na suluhisho lake. Alifungua kabati akatoa filamu ya eksirei ya bibi, akainyanyua dirishani.

"Hii nayo si nyeusi ya kutosha?"

"Mama, hiyo walipigia nyonga ya bibi, si jua. Nimesaga vioo miaka sita na bado sijasaga kioo cha kurudisha jicho lililoungua. Leo tutakaa ndani."

Mama akairudisha kabatini akinung'unika kwamba siku hizi watoto ndio wanaolea wazazi. Baba alikuwa akitazama saa ya ukutani, na binti yake alijua kwa nini.

Baba alikuwa mkaguzi wa majengo aliyestaafu, lakini kilichostaafu ni barua tu, macho hayakustaafu. Kwa miaka thelathini aliingia kwenye nyumba za watu na kamba yake, futi yake na penseli nyekundu sikioni, na mwisho wa ukaguzi aliandika neno moja kati ya mawili. Nyumba iliyomridhisha aliiandikia "Ikubaliwe." Isiyomridhisha aliiandikia "Irudiwe." Hakuna mjenzi aliyewahi kumlainisha. Hata madaftari ya shule ya binti yake yalikuwa yakirudi mezani na neno lile la pili, kwa penseli ile ile.

Basi mfikirie kijana anayekwenda kuomba mke kwa mtu wa namna hiyo, halafu paa alilomwezekea livuje.

Fundi aliingia duka la miwani miaka miwili nyuma, chembe ya chuma imemruka jichoni akikata mabati. Macho Manne alimwosha jicho, akamkemea, akamuuzia miwani ya kazi. Siku ya tatu akarudi kusema miwani inambana. Wiki iliyofuata akarudi kusema inalegea, na safari hiyo Macho Manne aliona wazi kwamba skurubu ameilegeza mwenyewe. Aliikaza bila kusema neno. Alipomrudishia, kijana alimtazama kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni, wote wawili wakacheka, na kuanzia hapo hakuhitaji tena kuharibu miwani ili aje.

Walificha mapenzi yao kwa muda, lakini mapenzi ni kikohozi. Baba alipotaka kuongeza chumba cha bibi, Macho Manne alimtaja Fundi kama fundi tu, na Fundi akaezeka wakati wa kiangazi. Mkaguzi alipanda, akakagua, akashuka. "Ikubaliwe," alisema, na usiku ule binti yake hakulala kwa furaha. Mwezi uliofuata kijana akatuma wazee wake kuleta posa. Kabla baba hajawajibu, mvua za kwanza zikanyesha, na maji yakashuka moja kwa moja juu ya kitanda cha bibi.

Fundi aliitwa. Alipanda juu baba akiwa amesimama chini, mikono nyuma. Alikaa huko juu kimya kwa muda mrefu, akashuka, akafuta mikono yake muda mrefu zaidi, akasema, "Nitarekebisha, mzee." Hakujitetea hata kwa nusu neno. Hilo ndilo lililomuuma Macho Manne kuliko maji yenyewe.

Jioni ile baba alitoa hukumu mbele ya familia nzima. Mtu aliyeshindwa kumsitiri bibi, mama yake mzazi yeye baba, na matone ya mvua, aliuliza, atamsitirije binti yake? Hata hivyo yeye si mtu wa kuhukumu bila ukaguzi wa pili. Jumamosi, saa saba mchana, ataingia chumba cha bibi. Akiona nuru inapenya hata kwa tundu la sindano, jioni atampigia simu baba wa kijana mmoja mpima ardhi, ambaye naye alikuwa ameleta posa, na kumwambia posa ya mwanawe imekubaliwa. Mpima ardhi alikuwa kijana wa mwenzake wa zamani ofisini. Alikuwa na adabu na viatu safi, na hakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba hakuwa Fundi.

Tarehe baba aliichagua kwa kalenda ya ukutani, ambayo haikuandika habari za jua.

Saa nne asubuhi Fundi akabisha, ngazi begani, ndoo ya viraka mkononi. Alimwamkia baba. Baba akaitikia marahaba, akatazama saa, akamwambia ana saa tatu. Kisha akajifungia sebuleni na redio.

Chumbani bibi alikuwa amelala chali, kama alivyolala kwa miezi saba tangu avunjike nyonga. Alikuwa amefunga kilemba kipya.

"Mume wangu, umechelewa," alimwambia Fundi. "Nimejipamba tangu alfajiri, na wewe unaingia na ngazi."

"Nisamehe, mke wangu. Nilipitia sokoni nikutafutie mke mwenza, nikakosa anayekufikia."

"Ungempata ungemlaza juu ya paa huko, maana hapa chini panavuja."

Macho Manne akacheka, Fundi akamtazama, na bibi akamtazama Fundi anavyomtazama mjukuu wake. Bibi ndiye aliyewekwa kuwa mlinzi wa adabu chumbani humo. Mama alisahau kwamba mlinzi alikuwa upande wa wezi.

Kazi ikaanza. Kwanza alishusha mbao za dari, zilizokuwa zimevimba kwa maji, mpaka bati likaonekana wazi kutoka chini. Halafu akafunga dirisha, akatundika blanketi juu ya pazia, akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo. Alimweleza bibi kwamba paa humdanganya aliyesimama juu yake. Ukitaka likuambie ukweli, ufanye giza ndani na jua liwe kali nje, ndipo kila tundu lijitaje lenyewe. Ndiyo maana wiki zote za mvua hakuweza kufanya lolote. Ukishaliona tundu unachomeka njiti ya ufagio kutoka ndani, ukipanda juu unaikuta imesimama, unajua pa kuweka kiraka.

Na kweli, giza lilipokamilika, nuru zikajitaja. Duara ndogo nyeupe zilishuka kitandani, sakafuni na ukutani. Fundi akapanda ngazi. Macho Manne alishika ngazi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akampa njiti, moja baada ya nyingine. Kila njiti ilipopokewa vidole viligusana, na kila vidole vilipogusana mmoja wao alichelewa kuachia. Kila tundu lililopata njiti, duara moja ilizimika chini. Alitamani matundu yawe mia. Halafu alikumbuka saa saba, akatamani yawe matatu.

Njiti ya kumi na moja ilipoingia, zilibaki duara sita. Ndipo aligundua kwamba si duara tena.

"Ngoja," alisema. "Tazama sakafuni."

Zote sita zilikuwa zimemegwa upande mmoja, mahali pamoja, kama andazi lililoumwa. Alipiga magoti, akaweka kiganja chini ya mojawapo, na picha ya jua lililomegwa ikamkalia kiganjani. Aliwaeleza, kwa sauti ya dukani, kwamba tundu dogo linaloingiza nuru gizani hufanya kazi ya kioo. Linachora chini umbo la kile kinachowaka juu. Kinachowaka ni jua, na jua saa hii linaliwa. Hivi ndivyo linavyotazamwa bila kuumiza jicho, na yeye, mtaalamu mzima wa macho, hakuwa amekumbuka kwamba baba yake ana nyumba yenye matundu.

"Liko wapi?" bibi aliuliza. "Mimi naona nuru ukutani tu, mbali."

Matundu yaliyokuwa juu ya kitanda ndiyo aliyoanza nayo Fundi, na yote yalikuwa na njiti.

Bibi hakulalamika. Alisimulia tu, akitazama juu gizani. Alikuwa na miaka minane jua lilipopatwa mara ya mwisho mahali walipoishi. Mama yake aliwaingiza wote watano chini ya kitanda, akawafunika blanketi, akalalia ukingo wake. Alisikia kuku wakirudi bandani mchana, na watu nje wakiitana. Blanketi lilipoondolewa, jua lilikuwa limeshapona. "Tangu hapo nasimuliwa," alisema. "Kila mtu aliliona jua lile. Wengine wanaonisimulia hawakuwa hata wamezaliwa. Haya, fanyeni kazi yenu, msichelewe kwa ajili yangu."

Fundi alitazama saa yake mkononi. Macho Manne hakuhitaji kuitazama, hesabu alishaifanya. Ilikuwa saa sita na robo. Akichomeka njiti sita zilizobaki na kupanda sasa hivi, viraka vimeshakatwa na gundi iko tayari, saa saba ingemkuta ameshuka na chumba ni giza tupu. Jua nalo, kwa mujibu wa redio, lingeliwa zaidi saa saba kasoro robo. Aliyemngojea bibi mpaka hapo hangepata muda wa kuziba matundu yote, hata angekuwa na mikono minne.

Na hapa nisimfiche Macho Manne. Kwa muda wa pumzi moja alitaka Fundi apande. Alimtaka bibi asimuliwe kwa mara nyingine, ili yeye aolewe. Aibu ilimjia baada ya pumzi hiyo, tamaa ikiwa imeshapita.

Fundi hakuomba ushauri. "Mke wangu," alimwambia bibi, "geuza uso kidogo huku upande wa ukuta, ili likija usilikose."

Akarudi juu ya ngazi, akaanza kuzichomoa njiti. Moja, na jua likashuka kwenye shuka. Ya pili, na jua jingine likakaa kwenye goti la bibi. Ya tatu, na jua likaangukia mkono wake wa kushoto, naye akaugeuza polepole, akaifuata nuru kwa kidole kana kwamba angeweza kuiokota. Zilipofika kumi na moja, bibi alikuwa akicheka, kicheko cha chini ambacho nyumba ile haikukisikia kwa miezi saba. Macho Manne alimtazama mwanamume aliyekuwa juu ya ngazi na njiti kumi na moja mkononi. Hakuwahi kumpenda mtu kiasi hicho, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Alirudi nyuma mpaka mlangoni ili ayaone majua yote pamoja. Hapo ndipo alipoona jambo jingine.

Yalikuwa kumi na saba. Yalipita toka ukuta mpaka ukuta, juu ya kitanda, sakafuni, mpaka pembeni mwa kabati, katika mstari mmoja. Alipiga shubiri kutoka jua la kwanza hadi la pili, akapiga tena hadi la tatu. Shubiri moja na kidole, shubiri moja na kidole. Akayapima yote. Hayakupishana. Alisimama, akainua macho kwenye bati.

"Fundi," alisema taratibu. "Msumari wa bati unapigwa wapi?"

"Penye mbao."

"Na mbao iko wapi?"

Mbao ilikuwa inaonekana wazi, imelala sambamba na mstari ule, lakini pembeni yake kwa upana wa viganja viwili. Misumari ya Fundi mwenyewe ilikuwa ndani ya mbao, na haikuruhusu hata chembe ya nuru. Hii kumi na saba ilipigwa hewani. Ilipigwa na mtu asiyejua mbao ilipo, lakini mtu wa kamba na futi, asiyeweza hata kukosea bila kunyoosha mstari. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Alikumbuka wiki ya upepo, kabla ya mvua, mabati yalipokuwa yakilia usiku na baba akilalamika kila asubuhi. Alikumbuka alivyotoka kazini siku moja akakuta ngazi ya jirani imeegemezwa nyuma ya nyumba.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile niliyopanda." Fundi alishusha sauti. "Alipima kutoka ukingo wa bati. Alisahau kwamba bati linapita ukuta. Ndiyo maana yote yamekosea sawasawa. Misumari haikushika, akaing'oa, akapaka lami juu. Nadhani aliamini lami inatosha. Jua limeikausha, ikapasuka."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mama yake amelowa, mkewe amesimama pale, na mimi nimshukie na kumwambia mzee, ni wewe?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungenyamaza?"

Wote wawili walijua jibu.

"Mimi ni mzee, sisikii," bibi alisema kitandani, akiendelea kucheza na jua lake.

Fundi akashuka, wakasogea pembeni mwa kabati. Majua mawili ya mwisho yalikuwa miguuni mwao, yamekonda sasa, kama kucha zilizokatwa. Chumba kilikuwa kimepoa, na nje kelele za mtaa zilikuwa zimepungua.

"Nikimshinda baba yako juu ya paa lake mwenyewe," Fundi alisema, "nitakaa naye vipi meza moja miaka ishirini ijayo? Atanipa mke, lakini hatanisamehe. Niliona ni heri nizibe kimya kimya, yaishe."

"Yataisha kweli. Baada ya nusu saa anaingia humu, anakuta matundu kumi na saba, na jioni anapiga simu. Utakaa naye meza gani? Mimi nitakuwa kwa mpima ardhi, nawasimulia wageni jinsi ulivyokuwa na heshima." Akamsogelea. "Ninakupenda. Sijui kama nimekuambia leo. Lakini sitaki mwanamume anayenipoteza kwa adabu."

Gizani macho ya Fundi yalikuwa na unyevu, na hakuyafuta.

"Nami sitaki nikupate kwa kumvunja aliyekulea," alisema. "Niambie njia ya tatu, nitaifuata."

Njia ya tatu. Macho Manne alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, kama alivyofanya kazini kioo kinapomgomea. Baba yake angeweza kubishana na mkwe. Angeweza kubishana na binti, na mke, na hata na mama yake mzazi. Mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kubishana naye ni yule anayeingia na penseli nyekundu.

Akavaa miwani. "Kukagua ni kazi yake," alisema. "Basi akague."

Alikwenda sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mapazia yamefungwa kama alivyoagizwa, saa ya ukutani ikionyesha saa saba kasoro dakika ishirini.

"Bado dakika ishirini," alisema bila kugeuka.

"Najua, baba. Naomba ukague sasa. Kwa utaratibu wako wote, kamba, futi na daftari."

"Amemaliza?"

"Hajaziba hata moja."

Baba akageuka. Alimtazama binti yake kama alivyokuwa akizitazama nyumba, kuanzia msingi kwenda juu, akitafuta ufa. Hakuuona. Akainuka, akachukua mkoba wake wa zamani. Mama, aliyesikia kutoka jikoni, akafuata nyuma akiwa ameshika kifua.

Mlango ukafungwa nyuma yao. Majua kumi na saba yaliyokonda yalikuwa yamelala chumba kizima, yote yameelekea upande mmoja. Moja lilimkalia baba juu ya upara, naye hakujua. Bibi aliinyoosha mikono yote miwili juu ya shuka, jua moja katika kila kiganja.

"Mwanangu," alisema. "Tazama. Nimelishika."

Baba alisimama. Mtu aliyeingia kukagua paa alikaa hapo akimtazama mama yake, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo binti yake hakuwa ameizoea. Mama akaanza kulia taratibu, bila kujua analia nini.

"Haya matundu yote kijana ameyaacha?" hatimaye baba aliuliza.

"Alikuwa ameshachomeka njiti kumi na moja," Macho Manne akamjibu. "Akazitoa ili bibi aone. Saa anaijua, baba. Karibu ukague."

Basi mkaguzi akafanya kazi yake. Alimpa mama ncha moja ya kamba, akanyoosha nyingine mpaka ukuta wa pili, chini ya mstari wa majua. Yote yalikaa juu ya kamba. Akatoa futi, akapima nafasi kati yao, la kwanza, la pili, la tatu, na alipofika la nne mkono wake ukapunguza mwendo. Alipofika la saba hakuwa anapima tena. Aliinua kichwa. Alilitazama bati, akaitazama mbao, akayarudisha macho kwenye kamba yake mwenyewe.

Fundi alikuwa amesimama pembeni, ameinamisha uso ili asimuone. Macho Manne hakuinamisha wa kwake. Alikuwa na hakika. Alimjua baba yake kuliko baba yake alivyojijua.

Mzee akaketi ukingoni mwa kitanda. Alichomoa penseli sikioni, akafungua daftari, akalisogeza chini ya jua mojawapo ili aone mistari. Aliandika kwa muda. Kisha akasoma, kwa sauti ile kavu ya ofisini.

"Chumba cha mama. Matundu kumi na saba, mstari mmoja, nafasi sawa. Hakuna hata moja lililopata mbao. Kipimo kilianzia ukingo wa bati badala ya ukuta." Akaendelea, na sasa sauti haikuwa kavu. "Misumari ilipigwa na mkaguzi mwenyewe, siku ya upepo, bila kumshirikisha fundi. Fundi hana kosa."

Mama aliacha kamba ikaanguka.

"Nilihesabu," bibi alisema. "Kumi na saba, juu ya kichwa changu. Nilikuwa nangoja mwanangu akague mwenyewe. Maana nyani haoni..."

"Mama," mama akamwahi, "mjukuu yupo hapa."

Baba hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Fundi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Wajenzi wote niliowahi kuwarudisha, mmoja wao angepata kosa hili, angelitangaza mtaa kwa mtaa mpaka nihame. Wewe kwa nini hukusema?"

"Nilikuja kuomba binti, mzee. Sikuja kuomba ushindi."

Nje jogoo aliwika, amechanganyikiwa. Vile vipande vya nuru vilikuwa vimeanza kunenepa upande wa pili, kidogo kidogo, na Fundi, ambaye hakujua la kufanya na mikono yake, aliokota ndoo ya viraka.

"Nianze kuziba, mzee?"

"Weka ndoo chini. Utaziba jua likirudi lote. Mama bado anatazama." Baba aliinamia daftari, akaandika kitu kifupi sana, akachana ukurasa, akaukunja, akamnyooshea binti yake. Kisha akamgeukia mkewe na kumwomba amletee simu, kuna mpima ardhi anapaswa kuombwa radhi kabla hajafua shati la kujia.

Macho Manne aliukunjua ukurasa chini ya jua lililokuwa karibu naye. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ingawa alikuwa ameshaona. Fundi alimtazama kutoka upande wa pili wa kitanda, wala hakuthubutu kuuliza.

"Soma kwa sauti," bibi alisema. "Miwani yangu sijui iko wapi."

Lilikuwa neno moja, kwa penseli nyekundu. Macho Manne alilisoma akimtazama Fundi, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Akubaliwe."